Mimi, Saidia Fundi

Jamani, mtu akidhalilishwa nyumbani kwake anakwenda kulalamika wapi? Kwa mjumbe? Maana nimeanza kumfikiria.

Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa bwana shamba Kilosa. Alituachia pikipiki, Honda CG 125. Imelala banda la kuku miaka na miaka, jogoo anawikia juu ya tangi. Likizo hii nikasema niifufue na binti yangu wa darasa la sita. Hesabu zangu zilikuwa nyepesi: baba anafungua nati, mtoto anashika tochi. Leo tochi nashika mimi. Na ninakemewa: "Baba, mwanga usiyumbe!"

Kila kitu kakisoma kwenye simu. Simu yangu, bando langu. Eti Honda hii ilitoka 1976, wakaiundia injini ngumu kwa ajili ya watu wavivu wa matengenezo, ndiyo maana vali zinasukumwa na fimbo, hakuna cheni ya kulegea humo ndani. Alipofika kwenye "watu wavivu" akanitazama. Sasa mimi nimeingiaje?

Fundi wa pale kona akapita kutoa ushauri wa bure, ule unaoisha na soda. Akasema nafasi ya vali yeye huipima kwa sikio. Binti: "Shikamoo fundi. Ni milimita 0.08. Sikio linafika huko?" Fundi aliiacha soda nusu. Siku hizi tukikutana ananipa pole tu, hasemi ya nini.

Spea zenyewe si shida sana. Bodaboda nyingi za Kichina injini zimeiga hii hii, kwa hiyo ringi na gasketi zimejaa Kariakoo. Shida ni balbu. Umeme wa hii yetu ni volti 6, muuzaji kanifungia ya volti 12: "Bosi, taa si taa?" Tumeifunga, inawaka kwa aibu. Nikarudishwa Kariakoo. Na bodaboda aliyenipeleka, nauli nimempa mimi, njia nzima ananishauri niiuze kwa kilo.

Nyumbani nako, kabureta imeoshwa kwenye beseni la kufulia, kanga za mama mtu zinanuka petroli. Aliyesemwa ni nani? Mtoto "anajifunza". Mimi ndiye "mtu mzima hovyo".

Juzi jioni binti akapiga kiki, ikawaka. Moshi, kuku juu ya paa, majirani wote uani. Usiku huohuo baba mdogo akapiga simu kutoka Kilosa. Huyu hajawahi kuulizia hata tairi! "Mwanangu, nasikia pikipiki yetu inaunguruma."

Yetu!

Na kadi bado ina jina la marehemu, kwa hiyo neno mirathi nililiona linakuja. Nimeanza kumung'unya maneno, binti kaninyang'anya simu: "Shikamoo babu! Ndiyo, yetu. Nakutumia orodha ya spea na bei, utume fungu lako."

Tangu hapo mtandao wa Kilosa umekuwa mbovu ajabu. Ila shangazi hakupiga simu. Shangazi kaja mwenyewe, na begi kubwa, kakalia siti kuipima, anauliza zamu yake inaanza lini.