Habari za Mtaa Hazina Mwandishi

Wiki iliyopita kidaraja cha miguu kinachotuunganisha na upande wa shule kilikatika. Mvua ilipiga usiku kucha, maji ya korongo yakapanda, kulipokucha nguzo ya upande wa kwetu ilikuwa imelala kwenye tope. Watoto wa darasa la kwanza walivushwa mgongoni na vijana wa bodaboda. Mama mmoja anayeuza maandazi aliteleza na ndoo yake akavunjika mkono. Mchana nikafungua redio kusikiliza habari za Dar es Salaam. Nikasikia usajili wa Simba na Yanga, ugomvi wa wasanii wawili, kauli ya kiongozi aliyekuwa Dodoma, kisha utabiri wa hali ya hewa. Jioni kwenye televisheni mambo yakawa yale yale. Kesho yake nikasimama kwenye meza ya magazeti pale kituoni, nikasoma kurasa za mbele zote zilizotandazwa. Hakuna mstari hata mmoja.

Nimekasirika, na hasira yenyewe haijashuka.

Rafiki yangu niliyemlalamikia alinijibu kwamba kidaraja cha mtaa mmoja huko Mbagala si habari ya taifa. Sawa, si ya taifa. Ila mimi nalala na kuamka Mbagala. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wilaya yetu ya Temeke peke yake ina watu 1,346,674. Watu wote hao wanaugua, wanajenga, wanafiwa, wanadaiwa ushuru, wanachimbiwa mitaro na kuachiwa wazi, na hakuna mtu ambaye kazi yake ni kupita kila siku akayaandika. Sengerema wana redio yao ya jamii. Pangani wanayo. Micheweni kule Pemba wanayo. Sisi tunaoishi kwenye jiji lenye vyumba vya habari vingi kuliko popote nchini hatuna mtu wa kutueleza kwa nini maji hayajatoka tangu juzi.

Tunaingia gazetini tukifa. Jumamosi ya Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, na kwa siku kadhaa kila kamera ya nchi hii ilikuwa pale. Ilistahili. Watu walikuwa chini ya kifusi wakipiga simu. Baada ya hapo ndipo tukaanza kusikia habari za uchimbaji uliokuwa ukifanyika sehemu ya chini ya jengo. Baada ya hapo! Machi 29, 2013 lilianguka jingine katikati ya jiji, likaua watu 36, na safari ile pia maswali ya vibali na wakaguzi yalianza kuulizwa majeneza yakiwa yameshapangwa. Hebu fikiria kama Kariakoo ingekuwa na mwandishi wake, mmoja tu, anayezunguka Mchikichini, Gerezani na Mtaa wa Kongo kila asubuhi, anayejulikana na machinga na wenye maduka, na kazi yake ni kuuliza: pale wanachimba nini, nani kawapa ruhusa? Sisemi angezuia ajali. Ila swali lingekuwa limeulizwa hadharani, na aliyetakiwa kulijibu angejua kwamba limeulizwa.

Na mafuriko ndiyo hayo hayo. Kila masika tunaoneshwa Jangwani, maji yamejaa barabarani na mabasi ya mwendokasi yamesitishwa. Picha ni ya kweli na taabu ni ya kweli. Lakini nyuma ya picha hiyo kuna mitaa kibao iliyozibiwa mfereji na mtu aliyejenga ukuta juu yake, na huyo mtu anafahamika, na kibali chake kina tarehe na sahihi. Hiyo ndiyo habari ninayoitafuta, na haitoki.

Najua mtasema kuna WhatsApp. Nakubali, kwa shingo upande. Kundi la mtaa wetu limewahi kumrudisha mtoto aliyepotea, na mzazi mmoja alipohitaji damu hospitali, watu walijitokeza kabla ya adhuhuri. Siwezi kulibeza hilo. Lakini kundi hilo hilo ndilo lililosambaza sauti ya mtu asiyejulikana akisema kuna Noah nyeupe inateka watoto, na siku ya pili fundi wa majokofu aliyekuja na gari la rangi hiyo nusura achomwe moto. Watu walimzingira, mmoja ameshika tairi. Aliokolewa na mwanamke mmoja jasiri aliyemtambua kwa sababu aliwahi kumtengenezea friji. Hakuna aliyeandika baadaye kwamba ile taarifa ilikuwa ya uongo. Ilisogezwa juu na salamu za asubuhi na matangazo ya mafuta ya nywele, ikapotea, na aliyeianzisha bado yumo kundini.

Kusema kweli, chombo cha habari cha kuaminika kuliko vyote mtaani kwetu ni spika ya msikiti. Mtu akifariki tunatangaziwa jina lake, nyumba yake ipo wapi, anazikwa saa ngapi na makaburi gani. Taarifa fupi, iliyokamilika, na imetoka kwa mtu aliyehakikisha. Wakristo na Waislamu wote tunainua vichwa kusikiliza. Natamani taarifa za walio hai nazo zingetolewa kwa uangalifu huo.

Sasa niwaambie kuhusu mzee mmoja. Ana duka la rejareja karibu na kisima, sote tunamwita Babu, hata wazee wenzake. Babu ana kaunta buku. Kurasa za mbele ni za madeni, kama duka lolote. Ukiligeuza na kulifungua kwa nyuma unakuta mtaa mzima. Anaandika kila siku kabla ya kufunga duka, kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa zilizoinamia kulia. *Maji yametoka saa 9 usiku, yamekata saa 11 alfajiri. Gari la taka limepita njia ya juu tu. Umeme umekatika saa 1 jioni, umerudi saa 4. Mtoto wa kike wa kama miaka 4 kaokotwa kituoni, kapelekwa ofisi ya mtaa, mama yake kapatikana magharibi. Mkutano wa mtaa, watu wachache, mwenyekiti kaahidi taa tatu za barabarani.* Anachokiona anakiandika alivyokiona, na asichokiona anaandika nani kamwambia.

Mwaka jana walikuja vijana wa kuzoa taka na karatasi za madeni. Kila nyumba ilidaiwa miezi mitatu, na waliotia ubishi waliambiwa watapelekwa kwa mtendaji wapigwe faini. Mtaani tulikuwa tunajua kabisa kwamba gari halikuwa likija. Taka zilikuwa zimerundikana hadi mbuzi wanalala juu yake. Lakini kujua kwetu kulikuwa ni kelele, kila mtu anasema lake, mmoja anasema wiki nne, mwingine anasema miezi miwili. Babu hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na kaunta buku, akavaa miwani, akaanza kuwasomea tarehe. Siku gari lilipofika, njia lililopita, siku ambayo lilifika likiwa limeshajaa likageuza. Wale vijana waliinama wakasoma wenyewe. Mmoja akapiga simu. Wiki iliyofuata alikuja msimamizi wao, akakaa na Babu kwenye benchi, wakapitia ukurasa kwa ukurasa, na deni la kila nyumba likapunguzwa zaidi ya nusu. Mkataba wa taka upo, sheria ndogo zipo, mwenyekiti yupo, diwani yupo. Lililotuokoa ni kwamba mtu mmoja aliandika kilichotokea siku kilipotokea.

Tangu siku hiyo nimeshindwa kabisa kumsikiliza mtu anayeniambia kuwa habari za mtaa ni habari ndogo. Kwa mama wa maandazi, kukatika kwa kidaraja ndiyo habari kubwa ya mwaka huu. Ada ya taka ndiyo bajeti. Kauli ya mwenyekiti kuhusu taa tatu ndiyo ahadi ambayo anaweza kuifuatilia kwa miguu yake mwenyewe na kuona kama imetimizwa. Mambo ya Dodoma namsikia akiyazungumza kwa ufasaha kabisa, na hana mlango wa kuyafikia. Haya ya hapa milango ipo, hatua chache tu kutoka kibarazani kwake, ila hapewi taarifa ya kuingia nayo. Mnamnyima kitu ambacho angeweza kukitumia, halafu mnashangaa kwa nini hahudhurii mikutano.

Nendeni mkaangalie mbao za matangazo kwenye ofisi za mitaa. Ubao wa kwetu una tangazo la chanjo ya watoto lililopita muda wake, karatasi ya chumba cha kupanga, namba ya mganga, na ukurasa wa mapato na matumizi uliopaushwa na jua hadi tarakimu zimebaki vivuli. Ukiutazama kwa karibu unaona neno "ukarabati", kisha nafasi nyeupe mahali ambapo kiasi kilikuwepo. Novemba 27, 2024 tulipanga foleni kuchagua wenyeviti wa mitaa. Watu walibishana, waligombana, wengine walinuniana na ndugu zao. Leo muulize jirani yako kamati ya mtaa imekaa mara ngapi na imeamua nini.

Chukua mikopo ya asilimia 10. Kila halmashauri inatakiwa kutenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Habari ya kitaifa ilikuwa kusimamishwa na kurejeshwa, na iliandikwa vizuri. Habari yetu sisi ni kikundi gani cha kata hii kimepata, kwa shilingi ngapi, kinafanya biashara gani, na kwa nini kile cha kina mama wa ufumaji kimezungushwa na fomu hadi wakakata tamaa. Hiyo inamtaka mtu apande daladala, akae ofisini hadi ahudumiwe, arudi tena.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Ni sheria ambayo mtu mwenye shughuli zake hawezi kuikimbiza peke yake. Inahitaji mtu ambaye kukimbiza ndiyo kazi yake. Na kijana aliyetaka kuifanya kazi hiyo kwa simu yake mwenyewe, mwaka 2018 aliwekewa ukuta: kanuni za maudhui mtandaoni zilimtaka alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 nyingine ya mwaka. Milioni 2.1 kwa mtu anayetaka kuandika kwamba mfereji umeziba! Kanuni zimebadilishwa tangu hapo na mzigo umepunguzwa, nashukuru. Ila kuna kizazi cha waandishi wadogo kilichofunga kurasa zao wakati ule na hakikurudi.

Wahariri nao wana hoja yao na nitaitaja. Matangazo yamehamia kwenye mitandao, gazeti halinunuliwi kama zamani, mwandishi wa mkataba analipwa kwa habari iliyotoka, na habari ya mtaa mmoja haitoki, kwa hiyo haifuati. Naelewa. Lakini mnaye mtu wa kwenda mazoezini kwa timu kila siku kuangalia nani amechechemea. Mtoeni mmoja. Mpelekeni kwenye baraza la madiwani la Temeke, la Ubungo, la Kigamboni, akae hadi kikao kiishe, asikimbie baada ya hotuba ya mgeni rasmi. Mpeni nusu ukurasa kila wiki. Wasomaji mnaosema hamna, tuko huku.

Sisi wenyewe hatutasubiri. Kwenye kata yetu wapo vijana wawili waliosomea uandishi wa habari, mmoja anaendesha bajaji, mwingine anauza vocha na kutoa pesa kwenye kibanda. Nimekaa nao, tukaenda kwa Babu, naye amekubali kaunta buku lipigwe picha kila Ijumaa. Mwenye stationari karibu na kituo ametukubalia nakala kwa bei ya karatasi. Tutaandika ukurasa mmoja, mbele na nyuma, na kila taarifa itakuwa na jina la aliyeithibitisha. Tutaibandika dukani kwa Babu, kwenye genge, kituo cha bajaji, msikitini na kanisani kama wenyewe wataridhia, na nakala moja itapelekwa ofisi ya mtaa na kugongwa muhuri wa kupokelewa. Toleo la kwanza litakuwa na majina ya wajumbe wote wa kamati ya mtaa, kiasi kilichochangwa kwa ajili ya ulinzi shirikishi tangu Januari na kilivyotumika, na tarehe ya mkutano ujao. Majina tunayo tayari. Kwa hayo mawili mengine, barua ya maombi imepelekwa jana asubuhi.