Kobalti tuiachie simu

Katika kila kilo ya unga wa kathodi (upande chanya) ya betri ya simu, madini ya kobalti ni kama gramu 600. Kwenye simu sibishi: nafasi ni finyu, na unga huo hushindiliwa vizuri kuliko mingine. Kinachoniudhi ni kuikuta kobalti kwenye betri ya sola inayokaa sakafuni maisha yake yote, ambako uzito haumsumbui mtu.

Viwanda vya magari viliipunguza kwa kuongeza nikeli. Mchanganyiko wa nikeli, manganizi na kobalti kwa mafungu sawa una gramu 200 kwa kilo. Wa 6-2-2, yaani nikeli mafungu sita, manganizi mawili, kobalti mawili, una 120. Wa 8-1-1 una 60 hivi. Lakini nikeli nyingi ina gharama zake. Ioni zake zinakaribiana kwa ukubwa na za lithiamu, kwa hiyo huhamia kwenye tabaka la lithiamu na kuziba njia. Unga lazima uokwe ndani ya oksijeni, kwa hidroksidi ya lithiamu badala ya kabonati, maana kabonati hudai joto ambalo nikeli hiyo haihimili. Ukipigwa na hewa yenye unyevu, tope la kupaka kwenye foili hugandamana kama uji uliolala, na baadaye betri huvimba kwa gesi. Tena hushika moto upesi zaidi. Mwaka 2019 maabara ya mtafiti wa betri Jeff Dahn, Kanada, ilionyesha kwamba nikeli ikifika asilimia 95, kobalti haina faida ya maana. Alumini au magnesiamu hutosha. Sawa, ila shida za nikeli ziko palepale.

Ndiyo maana kwa sola nasema betri ya lithiamu yenye kathodi ya chuma na fosfeti, basi. Hakuna kobalti, hakuna nikeli. Wanaohofia kwamba migodi ya Kolwezi, Kongo, itakosa soko wakumbuke kwamba kobalti ya kule hutoka pamoja na shaba, na shaba bado inatakiwa. Isitoshe, Kinshasa yenyewe ilisimamisha kuuza kobalti nje Februari 2025. Mnunuzi gani asingetafuta njia nyingine?

Mafundi wengi huharibia kwenye kufunga. Seli nne za aina hii, za volti 3.2, hutoa 12.8. Kabla ya kuziunga mfululizo, ziunge sambamba uzichaji hadi 3.65, la sivyo moja itajaa mapema na BMS, kifaa kinacholinda seli, itakata wakati nyingine bado zina njaa. Chaji kontrola iweke kati ya 14.2 na 14.6, uzime kabisa ile hatua ya kusawazisha ya betri za risasi, kwani huweza kupita volti 15. Zima na marekebisho ya joto. Wala usikadirie chaji kwa voltimita: kwa sehemu kubwa ya safari husoma 13.2 hivi, iwe betri ina asilimia 70 au 40. Funga shanti inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka, na uijaze betri mpaka juu mara moja moja ili hesabu ianze upya.