Babu Alikuwa wa Nani?

Kaka yake bibi mzaa mama alifariki Muheza, Alhamisi moja baada ya magharibi. Kufikia saa tatu usiku maiti yake ilikuwa na wenyewe wawili.

Alibatizwa utotoni akaitwa Yohana, kama Wabondei wengi waliozaliwa jirani na misheni ya Magila. Ukubwani akampenda binti wa Pangani, akasilimu, akaitwa Yahya. (Jina ni lilelile. Yahya wa Qurani ndiye Yohana Mbatizaji wa Injili, kwa hiyo mzee alibadili dini bila kuhangaika sana na jina.) Mkewe alipotangulia mbele za haki, mzee akaanza kuonekana kanisani Pasaka na Krismasi, na suti yake ileile ya kahawia, na Ijumaa unamkuta msikitini, safu ya nyuma kabisa karibu na mlango. Ukimuuliza inakuwaje, anakuambia miguu inamuuma.

Usiku ule wa msikitini wakataka azikwe kesho yake, Ijumaa, watu watoke kwenye swala waende naye moja kwa moja. Wa kanisani wakasema haiwezekani, watoto wanasubiriwa kutoka Mwanza na mwinjilisti ameshaarifiwa. Kila upande ulikuja na shahidi wake. Mmoja aliapa kwamba mzee alitamka shahada akiwa amemshika mkono. Mwingine alimsikia, wiki iliyopita tu, akisali Baba Yetu kuanzia mwanzo mpaka amina. Mimi naamini wote wawili walisema kweli.

Kilichokata shauri hakikuwa aya wala mstari. Bibi mmoja aliyekuwa kimya muda wote akawakumbusha kwamba mzee alikuwa akisema anataka alale karibu na mkewe. Mkewe yuko makaburi ya Waislamu. Basi, yakaisha. Ijumaa tukamzika, na jioni wa kanisani wakaimba nyimbo zao nyumbani mpaka usiku wa manane, hakuna aliyewakataza.

Kugombea maiti tumekuzoea, hakukuniumiza sana. Yaliyonibaki kichwani ni maneno mawili ya matangani. Shangazi mmoja wa upande wa kanisa, anachambua mchele kwenye ungo, alishusha pumzi akasema, "Masikini Yohana. Mtu mzuri vile, kapotea mwishoni." Na kwenye mkeka wa wanaume, mzee mmoja wa msikitini akaninong'oneza kama anayenipa siri: "Mshukuru Mungu, mwanangu. Kidogo tu afe kafiri."

Wote wawili walimpenda. Shangazi ndiye aliyekuwa akimpelekea uji alipozidiwa. Mzee yule walikuwa wakivuna machungwa pamoja tangu ujana. Hapakuwa na chuki hata chembe. Palikuwa na huruma, ile ya mtu aliyesimama barazani akimtazama mwenzake ananyeshewa. Nataka niiseme huruma hiyo, kwa sababu chuki kila kiongozi anaikemea akishika kipaza sauti. Huruma haikemewi na mtu. Tena inasifiwa.

Naijua vizuri, maana nilikuwa nayo. Miaka ya tisini katikati, nikiwa kijana wa Tanga, hakuna kitu nilichokipenda kama mihadhara ya mlingano wa dini. Uwanja wa wazi, meza, spika mbili zinazokoroma, vitabu vimepangwa. Mhadhiri anataja mstari wa Biblia, msomaji wake anausoma kwa sauti, uwanja unalipuka kwa takbiri. Tusioweza kwenda tulisikiliza kwenye kanda za kaseti, zikarekodiwa na kurekodiwa tena mpaka sauti ikawa kama inatoka kisimani. Nilinunua Biblia kwa hela ya vibarua. Nilikwenda nayo kila mahali, nikiwavizia wanafunzi wenzangu Wakristo. Ninayo mpaka leo. Kumbukumbu la Torati 18:18 imepigiwa mstari mara mbili, na pembeni ya Yohana 14:16, tuliyodai nayo inamtabiri Mtume wetu, kuna mwandiko wangu wa penseli: "Hapa hawatoki."

Na wenzangu nao walikuja na zao. Sura ya Yunus aya ya 94, ile inayosema ukiwa na shaka waulize wanaosoma Kitabu kilichokuwa kabla yako. Hiyo walikuwa wanaitupa kama jiwe. Tulikuwa tunajua mistari kumi na tano ya kitabu cha mwenzetu na hatujakisoma hata kurasa kumi mfululizo. Kitabu cha Ayubu nilikuja kukisoma nikiwa mtu mzima, nimefiwa, usingizi haupatikani, nikiwa na Biblia ileile ya vita. Hakikuwa na alama hata moja ya penseli. Hakikunifaa kumshinda mtu, kwa hiyo sikuwa na haja nacho.

Ugonjwa wangu una historia, tena ya wasomi. Qurani ya kwanza nzima kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilitafsiriwa na kasisi wa Kianglikana, Godfrey Dale wa misheni ya UMCA, pamoja na maelezo ya kuwasaidia walimu wa Kikristo kujibizana na Waislamu. Yaani Kasisi Dale aliifanyia Qurani nilichoifanyia mimi Biblia, ila yeye alitumia wino. Mwaka 1953 Waahmadiyya, kundi la Waislamu lililoanzia India, wakatoa tafsiri yao kutoka Nairobi, wakajibu maneno ya wamisionari. Mwaka 1969 ikakamilika ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, naye akawa na kazi ya ziada ya kuwajibu hao Waahmadiyya, ambao kwetu tuliwaita Makadiani, na si kwa wema. Tafsiri ya Sheikh Farsy ndiyo iliyonilea, na Kiswahili chake bado nakionea wivu. Lakini tazama mnyororo wenyewe: Mkristo anamsahihisha Mwislamu, Mwislamu anamsahihisha Mkristo, Mwislamu mwingine anamsahihisha Mwislamu. Ukishashika mizani ya kupima nani bora huiweki chini. Ukimaliza majirani unaingia nyumbani kwako. Ndiyo maana mlokole anamwombea Mkatoliki aokoke, na kijana aliyerudi masomoni juzi anamwambia baba yake kwamba maulidi aliyosoma miaka sitini ni uzushi.

Kisa kimoja hupenda kukiweka kando ya hicho. Mwaka 1844, mmisionari Krapf alipoanza kutia Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili pale Mombasa, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Kadhi! Ameketi na Mjerumani wa misheni, wanatafuta pamoja neno la kufaa. Na maneno hayo tumeyarithi sote: imani, dhambi, malaika, roho, sadaka, hata msalaba na kanisa lenyewe asili yake ni Kiarabu. Mchungaji anayewaponda Waarabu madhabahuni hamalizi sentensi mbili bila wao. Shehe anayeona Kiswahili ni mali ya Waislamu, naye, akitaka kumtaja Mungu analazimika kuazima neno la Kibantu.

Sasa nisieleweke vibaya. Siko kwenye lile kundi la "dini zote ni sawa." Anayesema hivyo mara nyingi hajashika hata moja. Qurani, sura ya tatu aya ya 19, inasema dini mbele ya Mwenyezi Mungu ni Uislamu, na mimi naiamini. Yohana 14:6 inasema hakuna ajaye kwa Baba ila kwa njia ya Yesu, na Mkristo asiyeiamini hiyo sijui anaamini nini. Hata Kanisa Katoliki mwaka 1965, kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, liliposema halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine, halikuacha kumhubiri Kristo. Sioni kosa hapo. Mtu akiamini ana ukweli, aseme.

Kosa liko kwenye hesabu inayofuata. Dini yangu ni ya haki. Mimi ni wa dini hiyo. Basi mimi ni bora kuliko wewe. Hiyo "basi" imetoka wapi? Dini ikiwa kweli, ni kweli ya Mungu, si jasho langu. Mimi nilizaliwa tu nikaadhiniwa sikioni, kama jirani yangu alivyozaliwa akapelekwa kubatizwa, hakuna aliyetuuliza. Katika ukoo wetu mzima mtu aliyechagua dini, akapima, akavuka, labda akarudi, ni yule mzee mmoja. Na ndiye tuliyemwonea huruma.

Halafu huruma ina watoto. Ukishazoea kumwona mwenzako amepotea, ni hatua ndogo tu kumwita "mgalatia" au "mla kitimoto," naye akuite "mla ubwabwa" au mwenye majini, mkacheka wote. Kuna mwaka nilikuwa natafuta vyumba viwili Temeke. Dalali hakuniuliza kazi yangu wala idadi ya watoto. Aliuliza jina, akalisikia, akatabasamu: "Afadhali. Mwenye nyumba hataki wale wenzetu." Nilipaswa kuondoka. Nilikaa pale miaka mitatu, kodi ilikuwa nafuu.

Na siku moja moja watoto wa huruma wanakua. Mwaka 2012, mwezi wa Agosti, baadhi ya Waislamu waligomea sensa wakitaka kipengele cha dini kirudishwe. Swali hilo liliulizwa mara ya mwisho mwaka 1967, na tangu hapo kila upande unajihesabu wenyewe na kujikuta mwingi. Oktoba hiyohiyo, Mbagala, watoto wawili walibishana juu ya msahafu, kwamba atakayeukojolea atapatwa na jambo. Mmoja akaukojolea. Makanisa yakavamiwa, mengine yakachomwa moto. Mabishano ya watoto! Lakini watoto hawakuyatunga. Ni mihadhara yetu ileile, yangu ikiwemo, imeshuka mpaka kimo chao. Miezi minne baadaye, Februari 2013, huko Buseresere, Geita, ugomvi wa nani achinje ng'ombe ulimuua mchungaji.

Hili la kuchinja linanisikitisha kuliko yote, kwa sababu lilikuwa jambo letu zuri. Krismasi nyumbani kwa bibi, mbuzi aliyenunuliwa na Wakristo alichinjwa na jirani Mwislamu, na hakuna aliyeona ameshushwa. Ilikuwa adabu ya kawaida: nataka na wewe ule kwangu. Kisha mmoja akaanza kuidai kama haki yake, mwingine akaiona ni utumwa, na adabu ikishadaiwa haiwi adabu tena. Waislamu wenzangu, sisi ndio tuliokuwa tunapewa heshima hiyo. Tulisahau kushukuru.

Kuna kitu kimoja tu ambacho msikiti na kanisa havijawahi kubishana: kumdharau anayetambika. Huyo ni mpagani, hana dini, amekaa gizani. Nimekwenda kwa mganga mara moja maishani, nikimsindikiza mtu, na kwenye benchi la kusubiri niliwakuta mzee wa kanisa na mtu wa kamati ya msikiti. Hawakusalimiana, lakini walipishana nafasi vizuri sana.

Arobaini ya mzee ilifanyika kwa pande zote mbili. Kisomo asubuhi, sala jioni, chungu kimoja. Mbuzi alichinjwa na yule mzee aliyeninong'oneza, na shangazi ndiye aliyemshikia miguu. Shida ikawa kibao cha kaburi. Yahya au Yohana? Watoto wake wenyewe hawakukubaliana, na mmoja akaanza tena habari za shahidi. Fundi, aliyekuwa anatoza kwa herufi na jua linamzamia, akachoka kusubiri. Akaandika "Y." na kufuatia jina la baba yake, akakung'uta brashi, akaja kuchukua hela yake. Shangazi aliihesabu kazi yote herufi kwa herufi, akamgomea. Nukta nayo alikuwa ameitoza.