Kabla ya Kuinua HiAce ya Zamani, Zitazame Springi Zake

Kila masika yanapokaribia, sisi wenye HiAce za zamani tunaosomba dagaa kutoka mialo ya Kayenze na Igombe kwenda soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, huanza kuulizana gari linyanyuliwe kiasi gani ili lisiparaze tumbo kwenye makorongo. Nimeifanya kazi hiyo kwa mikono yangu, uani kwangu Igoma, na nimebaki na msimamo ambao baadhi ya mafundi hawaupendi: wengi wetu hatuna haja ya kuinua gari, tuna haja ya kulirudishia kwanza kimo lilichotoka nacho kiwandani. Toleo la HiAce lililozoeleka zaidi kwetu lilianza kutengenezwa Japani mwaka 1989 na kukoma mwaka 2004, kwa hiyo hata lile changa kabisa limeshapita miaka 20, na springi zake zimechoka.

Pima kwanza. Simamisha gari tupu mahali tambarare, kisha pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi juu yake, magurudumu yote manne. Langu lilikuwa limelala upande wa kushoto nyuma kwa sentimita 3, na sababu niliiona siku hiyo hiyo: magunia huingilia mlango wa kushoto, na wapakiaji huyaacha pale pale. Vile vyuma bapa vya springi, ambavyo hupaswa kupinda kama upinde, vilikuwa vimenyooka kama rula. Nilifunga seti nzima yenye chuma kimoja cha ziada, na gari likapanda sentimita 4 nyuma bila ujanja mwingine wowote.

Mbele ndipo penye kishawishi. HiAce hizi hazina springi za mviringo mbele. Zina fito ndefu za chuma zinazojisokota, na mwishoni mwa kila fito kuna boliti ya kurekebishia. Ukiikaza, gari linapanda ndani ya dakika chache, bila kununua kitu. Lakini kukaza boliti hakuifanyi fito iwe na nguvu zaidi. Kunabadilisha tu mahali mkono wa gurudumu unapoanzia safari yake, na kila sentimita unayoipata juu unaipunguza katika nafasi ya gurudumu kushuka linapoingia shimoni. Ukizidisha, mkono unagonga kizuizi chake kila shimo, na boli jointi (viungio vinavyoruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kukata kona) pamoja na ncha za usukani, zikiwa zimekaa kwa pembe kali, zinakwisha mapema. Mimi niliweka alama ya rangi kwenye nyuzi za boliti, nikakaza kidogo kidogo kwa hesabu sawa pande zote mbili, nikaendesha kidogo ili gari likae, nikapima tena. Nilisimama kwenye sentimita 3, kisha nikaenda kufanya alaimenti siku hiyo hiyo, kwa maana kimo kikibadilika, magurudumu hayasimami tena kama awali na tairi huliwa upande mmoja.

Kuhusu vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya springi na ekseli, nina uchungu wa kweli. Kabla sijajifunza, gereji moja ilinipangia vipande viwili, kimoja juu ya kingine, na kuvifunga kwa boliti zile zile za zamani zenye umbo la U. Wiki chache baadaye, nikitoka Kayenze na mzigo, niliona gurudumu la nyuma limerudi nyuma ndani ya bodi: nati zimelegea, boliti ya katikati imekatika, ekseli imehama. Kipande kikilazimika kutumika, kiwe kimoja tu, kisitumike mbele kamwe, na boliti za U ziwe mpya, kwa sababu zile za zamani zimeshavutika. Kagua pia mpira wa breki wakati magurudumu yananing'inia. Ukiwa umenyooka kabisa, badilisha kwa mrefu zaidi. Kama gari lako lina ile valvu ya nyuma inayopima mzigo, irekebishe, la sivyo itadhani gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu.

Ni vizuri pia kuelewa kwamba kazi yote hii haiinui difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, hata kidogo. Difu imo ndani ya ekseli, na ekseli imekaa juu ya magurudumu. Kinachoipandisha ni tairi kubwa zaidi, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo. Tairi iliyozidi kwa sentimita 4 inakupa sentimita 2 chini ya difu, na spidomita itasoma pungufu ya mwendo halisi.

Ndiyo maana siungi mkono kupita sentimita 5 kwa gari jembamba namna hii, ambalo huwa na magunia juu ya paa na akina mama wenye mzigo wao ndani. Kila sentimita unayoongeza inapandisha uzito wote huo, na kona hazisamehe.

Unapokuwa chini ya gari, litegemeze kwa stendi za chuma. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Baada ya kilomita 100 za kwanza, rudi na spana ukaze tena nati za boliti za U. Zangu zilikubali karibu robo mzunguko kila moja, ingawa nilikuwa nimezikaza kwa nguvu zangu zote.