Kesi Zetu na Waendesha Mashtaka wa New York

Kila kesi kubwa ya ufisadi inapoporomoka katika korti za Milimani, Nairobi, hakosekani Mnairobi wa kusema: hawa wangepelekwa Marekani tu. Hasemi kwa mzaha. Ndugu wawili wa familia ya Akasha, waliotakiwa Marekani kwa ulanguzi wa dawa za kulevya, walikamatwa Mombasa Novemba 2014, na kesi ya kuwasafirisha ikazunguka kortini zaidi ya miaka miwili. Januari 2017 wakapandishwa ndege hadi New York, kesi ya hapa ikiwa haijaisha. Oktoba 2018 wakakiri makosa, Baktash akafungwa miaka 25 na Ibrahim 23. Miongoni mwa waliyokiri ni kuwahonga maafisa wa Kenya.

Wenzetu wana nini? Mwendesha mashtaka wa shirikisho huketi na wapelelezi tangu mapema, na kupitia baraza la raia (grand jury) anaweza kuwaita mashahidi na kudai nyaraka kabla mtu hajashtakiwa. Kwetu DCI, idara ya upelelezi wa jinai, au EACC, tume ya kupambana na ufisadi, hupeleleza, huifunga faili, kisha huituma kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP. Ikirudishwa na maswali, huanza kurushiana lawama. Kaa asubuhi moja katika korti yoyote ya hakimu, hutakosa kusikia: "Mheshimiwa, faili ya polisi haijafika." Shahidi aliyetoka Kitui kwa nauli yake anaambiwa arudi mwezi ujao.

Na faili ikifika si mwisho wa mambo. Desemba 2023 aliyekuwa Waziri wa Fedha Henry Rotich na wenzake waliachiliwa katika kesi ya ufisadi wa mabwawa ya Arror na Kimwarer, hakimu akiushutumu upande wa mashtaka kwa kutowauliza mashahidi wake wenyewe maswali. Upelelezi bora kiasi gani ungeokoa kesi ya namna hiyo?

Lakini nguvu ile ya New York ina bwana wake. Marekani ina nafasi 93 za viongozi wa mashtaka wa shirikisho. Kwa kawaida rais huwateua, Seneti huwaidhinisha, na rais anaweza kuwafuta. Februari 2025 Wizara ya Sheria iliagiza kesi ya hongo dhidi ya meya wa New York, Eric Adams, iondolewe. Danielle Sassoon, aliyekuwa akikaimu uongozi wa ofisi ile ile iliyowashtaki akina Akasha, alijiuzulu kuliko kutii. Aprili, Jaji Dale Ho aliifuta kesi isiweze kufufuliwa. Aliandika kwamba mambo yote yalinuka mapatano, kesi ifutwe ili meya alegeze kamba kuhusu wahamiaji, ila mahakama haiwezi kuilazimisha wizara kuendesha mashtaka.

Kwenye karatasi, sisi tumejikinga zaidi yao. Ibara ya 157 ya Katiba inasema DPP hapokei amri ya mtu yeyote, anahudumu muhula mmoja wa miaka 8, na haondoi kesi bila ruhusa ya mahakama. Kabla ya 2010 mamlaka hayo yalikuwa ya Mwanasheria Mkuu, mshauri yule yule wa serikali.

Hata hivyo, Novemba 2022, wiki chache baada ya serikali mpya kuingia, kesi ya ufisadi ya zaidi ya shilingi bilioni 7 dhidi ya Naibu Rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, iliondolewa kwa maelezo kwamba ushahidi hautoshi. Wanaotetea uamuzi ule wana hoja: mpelelezi mwenyewe alidai alishinikizwa, na si haki kumburuta mtu kortini kwa kesi ya kupikwa. Sawa. Ila mashtaka yaliidhinishwa 2021 na ofisi hiyo hiyo, chini ya mkurugenzi huyo huyo. Ama waliyaidhinisha bila ushahidi, ama waliuacha ushahidi waliokuwa nao, na sioni jibu la tatu.

Kwa hiyo kutoka New York ningeazima meza ya mpelelezi na mwendesha mashtaka, basi. Uteuzi wao wabaki nao. Kuhusu kuondoa kesi, nadhani mahakama zetu zinaitumia ruhusa ya Ibara ya 157 kwa woga. Hakimu anaweza kumtaka mwendesha mashtaka aeleze kwa maandishi ni ushahidi gani uliokuwepo siku mashtaka yalipoidhinishwa, nani aliyeweka sahihi, na ni upi umetoweka tangu hapo.