Ukiugua Marekani, ukiugua Tanzania: anayelipwa ni mwenye karatasi

Kila ndugu anapougua nyumbani, hakosi mtu kwenye kundi letu la familia wa kuandika kwamba mgonjwa huyo angekuwa Marekani, serikali ingemlipa huku amelala. Huandika kwa uchungu, na uchungu huo naujua. Lakini mimi niko huku Ohio, nimefanya kazi ya kuhudumia wazee kwa miaka, na baridi yabisi imenishika viungo kiasi kwamba asubuhi vidole havikunjuki. Nimeomba likizo ya ugonjwa kazini, kisha nikaomba mafao ya ulemavu. Niliyoyaona hayafanani na yale ndugu zangu wanayoyaamini, na hayafanani pia na lawama za wenzetu wa huku wanaosema Marekani haina huruma kabisa. Pande zote mbili za bahari, mgonjwa anayepata kitu ni yule ambaye kazi yake iliandikwa mahali na michango yake ikafika. Ukali wa ugonjwa huja baadaye.

Nianze na likizo, maana hapo Watanzania wengi watashangaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Hakuna sheria ya taifa zima la Marekani inayomlazimisha mwajiri wa kawaida kumlipa mfanyakazi wake hata siku moja ya kuugua. Kilichopo ni sheria ya mwaka 1993 ambayo kazini wote huiita FMLA. Inakupa hadi wiki 12 katika miezi 12, bila mshahara. Faida yake ni kwamba nafasi yako, au nyingine ya hadhi ileile, inakusubiri, na bima ya afya ya kazini inaendelea kana kwamba upo.

Na hata hizo wiki 12 si za kila mtu. Lazima uwe umefanya kazi kwa mwajiri huyo angalau miezi 12, utimize saa 1,250 katika mwaka uliotangulia, na mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi ndani ya maili 75 kutoka kituo chako. Sasa hesabu Waswahili tunaofanya kazi kwenye nyumba ndogo za kutunza wazee, kwenye saluni, kwa mwenye malori matatu. Wengi wetu tunaangukia nje ya mstari huo. Yapo majimbo yaliyoziba pengo kwa bima zao wenyewe za ugonjwa wa muda: Rhode Island ilianza mwaka 1942, California ikafuata 1946. Ohio haimo. Mtu wa Providence, Rhode Island, na mtu wa Columbus, hapa Ohio, wanaweza kuugua ugonjwa uleule wiki ileile, mmoja akapata hundi na mwingine akabaki na pole tu.

Kuna jambo moja kwenye FMLA ambalo nalipenda kwa dhati, na natamani wanasheria wa nyumbani waliangalie. Likizo hiyo si lazima uichukue yote kwa mkupuo. Daktari akithibitisha kwamba ugonjwa wako huja na kuondoka, unaweza kuichukua siku mojamoja, hata kwa saa. Hilo limenisaidia sana. Baridi yabisi haikuagi wala haikupigii hodi. Leo unainua mgonjwa kitandani bila taabu, kesho huwezi kufunga kifungo cha shati lako. Mwajiri anaweza kudai fomu ijazwe na daktari na kwa kawaida anakupa siku 15 za kuirudisha, kwa hiyo anayeona ugonjwa unamjia juu aombe miadi mapema. Meneja wangu wa zamu alikuwa akiguna kila nilipopiga simu kusema vidole vimegoma. Kuguna kwake hakukubadili kitu, kwa sababu karatasi ilikuwa imeshasainiwa.

Mafao ya ulemavu ni habari nyingine. Mfuko wa Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya serikali ya Marekani, unatokana na makato: asilimia 6.2 ya mshahara wako, na mwajiri anaweka asilimia 6.2 nyingine. Kwa kila mwaka wa kazi unajikusanyia hadi krediti nne, yaani alama za kuhesabia kazi uliyoichangia. Kwa kawaida unatakiwa uwe na krediti 40, na 20 kati ya hizo ziwe za miaka 10 ya mwisho, ingawa kwa vijana masharti ni mepesi zaidi. Ni fedha uliyoichangia mwenyewe tangu hundi yako ya kwanza, hata kama ulikuwa unasugua vyoo usiku. Narudia hili kwa sababu wenzetu wengi huona haya kuiomba, wanaona kama wanakwenda kuomba sadaka.

Lakini mlango wake ni mwembamba. Hakuna ulemavu wa nusu. Lazima ushindwe kufanya kazi yoyote ya maana, si ile yako ya zamani tu, na hali hiyo itarajiwe kudumu angalau miezi 12 au kuishia kifoni. Hapa tena maandishi ya nyumbani yana upole zaidi, kwani mafao ya ulemavu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, hupima kama mwanachama amepoteza theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato. Huku ukikubaliwa, miezi mitano kamili ya kwanza tangu ulemavu uanze hailipwi, na Medicare, bima ya afya inayoambatana na mafao hayo, inasubiri miezi 24 mingine. Jumla miezi 29. Mtu amethibitishwa na serikali yenyewe kuwa hawezi kazi, halafu anaambiwa bima ya mfuko huohuo aingoje zaidi ya miaka miwili. Sijapata maelezo yoyote ya sera hiyo yanayoniingia akilini, na nadhani ni aibu kwa nchi yenye uwezo kama huu.

Yupo adui mwingine ambaye sisi huja naye kutoka nyumbani, nalo ni jinsi tulivyolelewa kuuzungumzia ugonjwa. Tumefundishwa kutolalamika. Daktari akiuliza hali, tunajibu tunaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu, ndipo tunataja maumivu kwa mbali, tena tukiwa tumeshasimama kuondoka. Nyumbani adabu hiyo haina hasara, kwa sababu mama mdogo aliyekaa pembeni atasema ukweli wote kwa niaba yako. Huku daktari anaandika ulichosema: mgonjwa anaeleza kuwa anaendelea vizuri. Sentensi hiyo inaingia kwenye faili, na faili ndilo linalosomwa na mtu wa jimbo anayepima ombi lako la mafao, ambaye hatakuona uso. Kisha unaletewa fomu ndefu inayouliza unavaaje, unapikaje, unasimama muda gani, nani anakusaidia kuoga. Dada zangu na kaka zangu, jazeni fomu hiyo kwa kuangalia siku zenu mbaya pamoja na zile nzuri. Ukiandika tu kwamba unapika, umeeleweka unapika. Andika kwamba unapika ukiwa umekaa, kwamba sufuria inainuliwa na mtoto, na kwamba baada ya hapo unalala. Huo ni ukweli kamili, na kuusema wote si kukosa subira.

Maombi mengi hukataliwa mara ya kwanza. Langu lilikataliwa pia. Barua ilisema bado zipo kazi za kukaa ninazoweza kufanya. Wengi huishia hapo, wakidhani serikali ikishasema imesema. Una siku 60 za kukata rufaa. Kwanza faili linaangaliwa upya, ukikataliwa tena unakwenda mbele ya jaji wa masuala ya utawala, na huko ndiko mara ya kwanza mtu mwenye mamlaka ya kuamua anakaa akakusikiliza. Wakili anaweza kukuchukua bila kudai fedha mkononi. Ukishinda hulipwa sehemu ya malimbikizo yako, yaani mafao ya miezi ya nyuma, kiasi kinachodhibitiwa na mfuko wenyewe. Usifungue ombi jipya badala ya rufaa bila ushauri, maana unaweza kupoteza tarehe yako ya mwanzo na malimbikizo yote yanayotokana nayo. Mimi bado niko kwenye rufaa.

Na ukiwa na kadi ya kijani, usiogope uvumi kwamba kupokea mafao haya kutakuharibia uraia. Huko ni kuchanganya mambo. Kuna malipo mengine, SSI, ya watu wenye kipato kidogo mno, na tangu sheria ya mwaka 1996 wageni wengi tumewekewa vizuizi vikali kuyapata. Hayo ndiyo yanayoweza kutazamwa mtu anapopimwa kama atakuwa mzigo kwa serikali. Mafao ya bima uliyochangia kazini hayamo katika kipimo hicho.

Sasa nirudi kwenye karatasi. Namfahamu mwenzetu mmoja aliyelea watoto wa watu na kusafisha nyumba kwa miaka mingi, akilipwa taslimu. Aliona ni afadhali, hakuna makato, na fedha za kutuma nyumbani zinakuwa nyingi. Alipopata kiharusi, rekodi yake ya krediti ilikuwa tupu. Hakuna aliyebisha kwamba anaumwa, mkono mmoja hauinuki. Lakini mbele ya mfuko ni kama hajawahi kufanya kazi. Tulimchangia kanisani, tukachanga tena, na michango ya kanisani ina mwisho wake.

Hali yake ndiyo hali ya Watanzania wengi walioko nyumbani. Zile siku 126 ni za mwajiriwa. Mama lishe, dereva wa bodaboda, kibarua wa shambani na fundi wa mtaani, wote wanaugua nje ya sheria hiyo nzuri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 na ambao mwajiri peke yake ndiye huuchangia, ni hatua ninayoisifu kwa moyo wote, ila nao unamhusu aliyeumia kazini na aliyeajiriwa. Halafu kuna waajiri wanaokata asilimia ya mfanyakazi kila mwezi bila kuipeleka NSSF, na mtu huja kugundua siku anapohitaji. Huo kwangu ni wizi, tena wizi wa kumwibia mgonjwa kabla hajaugua. Ndugu zangu mlioajiriwa, ombeni taarifa ya michango yenu mngali wazima. Nanyi mliojiajiri, NSSF inapokea wanachama wa hiari, nendeni mkaulize masharti ya mafao ya ulemavu kwa kiwango mnachokimudu. Sisi wa huku nasi tufungue akaunti zetu za Social Security na kuhakiki kila mwaka tuliofanya kazi.

Hata hivyo, lipo lisilo mikononi mwetu. Miaka niliyofanya kazi Tanzania kabla ya kuondoka, nikikatwa mchango kila mwezi, haihesabiki huku, na ya huku haihesabiki kule. Marekani ina mikataba ya kujumlisha michango na nchi kama Ujerumani, Japani, Brazili na Korea Kusini. Mtu mwenye krediti chache, kuanzia sita, anaweza kuongezewa miaka ya kwao akafikia kiwango. Tanzania haina mkataba huo. Viongozi wetu wanapokuja kukutana na wanadiaspora, huzungumza nasi juu ya viwanja, hatifungani na uwekezaji. Ningependa safari ijayo tuwaulize mazungumzo ya mkataba wa hifadhi ya jamii yataanza lini, na waje na afisa wa NSSF na wa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, kwa sababu majina yetu wengi tayari yamo kwenye madaftari yao.