Ufuo Usio na Pa Kurudi

Ramani imetuponza. Imechora bahari upande mmoja na nchi kavu upande wa pili, kati yake mstari mwembamba, nasi tumeuamini mstari huo hadi tukajenga barabara, hoteli na mitaa mizima juu ya mchanga ambao kawaida yake ni kuhama. Bahari inapoufuata mchanga wake tunasema pwani imevamiwa. Nadhani tunalitazama jambo hili kinyume, na gharama yake ni kubwa.

Pwani tunazozijua ni changa mno. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu nene ilipokuwa imefunika sehemu kubwa ya Amerika ya Kaskazini na kaskazini mwa Ulaya, bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa mita 120 hivi. Uingereza ilikuwa imeshikana na bara. Palipo na Bahari ya Kaskazini leo watu walikuwa wakiwinda, na mwaka 1931 wavuvi wa meli iitwayo Colinda walivua humo bonge la mboji lenye chusa ya pembe, iliyochongwa kwa mkono wa binadamu. Unguja nayo iliungana na bara, kwa kuwa mkondo unaoitenga hauna kina kikubwa. Pemba imezungukwa na kina cha mamia ya mita, kwa hiyo ilibaki peke yake. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake. Pemba haikuwa naye.

Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, tena kwa kasi isiyo sawa. Miaka 14,500 hivi iliyopita ilipanda zaidi ya mita 10 katika karne chache tu. Maji yakaingia mabondeni, yakafuata njia za mito kwenda juu, yakaacha ghuba ndefu zenye matawi. Chesapeake, huko Marekani, ni bonde la mto Susquehanna lililozama. Bandari ya Sydney ni bonde lililozama, na kina cha Kilindini kilichimbwa na mito kabla bahari haijafika. Fyodi za Norway ni mabonde yaliyochongwa na barafu yenyewe, kisha yakajaa maji ya chumvi.

Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. Bahari ilipopunguza mwendo, kati ya miaka 8,000 na 6,000 iliyopita, mito ilipata wasaa. Tope lililokuwa likifunikwa na maji kabla halijarundikana likaanza kubaki mlangoni mwa mto, mafuriko baada ya mafuriko. Delta ya Nile, ya Mississippi, ya Ganges, kama tunavyoziona leo, zilijijenga tangu wakati huo. Delta, basi, ni matokeo ya shindano: mto unaleta udongo, bahari inapanda, na udongo wenyewe unashindiliwa na kudidimia kwa uzito wake. Mto ukileta wa kutosha, nchi inasonga mbele hata bahari ikipanda. Usipoleta, nchi inazama hata bahari ikitulia.

Tena nchi kavu yenyewe haitulii. Mwaka 1731 mwanasayansi Anders Celsius alichonga alama ya usawa wa maji kwenye jiwe katika pwani ya Uswidi. Leo alama hiyo iko juu kabisa ya maji. Celsius alidhani bahari inapungua, kumbe ardhi iliyokuwa imekandamizwa na barafu ilikuwa ikiinuka, na hadi leo haijamaliza. Katika visiwa vya Kvarken, Finland hupata takriban kilomita moja ya mraba ya ardhi mpya kila mwaka.

Kwa hiyo nasitasita kila ninaposikia mmomonyoko wote ukitupiwa bahari peke yake. Ni kweli inapanda, na sababu kuu ni sisi: sentimita 20 hivi kati ya 1901 na 2018, na mwendo wake umeongezeka hadi karibu milimita 4 kwa mwaka. Hilo linanitia hofu. Lakini jimbo la Louisiana, Marekani, limepoteza karibu kilomita za mraba 5,000 tangu miaka ya 1930, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na kuufunga Mississippi kwa matuta na mabwawa, tope likakosa njia ya kufika kwenye vinamasi vyake, na kuchimba mifereji ya mafuta humohumo. Bwawa Kuu la Aswan, huko Misri, lilipokamilika mwaka 1970, Nile ilinyimwa udongo wake, na rasi ya Rosetta, mlangoni mwa mto huo, ikaliwa na mawimbi. Bahari ilikuta mlango umeshafunguliwa.

Ufuo wa mchanga ukiachwa unajua kujiokoa. Dhoruba huurusha mchanga wa mbele ukaangukia nyuma, na ufuo wote, pamoja na vilima vyake vya mchanga, hurudi kuelekea bara ukiwa mzima. Mikoko hufanya vivyo hivyo: mizizi hunasa tope, sakafu inainuka, miche inaota upande wa juu. Vyote viwili vinataka udongo na nafasi. Ukuta wa zege huondoa nafasi. Wimbi hugonga, hurudi na nguvu yake, huchota mchanga ulio mbele, na baada ya muda ukuta unasimama bila ufuo. Mikoko nayo hubanwa kati ya maji na zege hadi ife.

Sisemi miji mikubwa ibomoe kuta zake. Palipo na mamilioni ya watu ukuta ni lazima. Ila pale ambapo bado pana mashamba na pori, tuache kujenga, na palipokwisha jengwa wenyeji walipwe kwa haki kabla ya kuhamishwa. Huko Medmerry, kusini mwa Uingereza, mwaka 2013 waliutoboa kwa makusudi ukingo wa zamani, wakajenga matuta mapya ndani zaidi, wakaiachia bahari zaidi ya hekta 180. Pale katikati pamegeuka kinamasi cha maji ya chumvi, na kinamasi hicho ndicho kinachovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafikia nyumba za watu. Kazi ya namna hiyo ndiyo ningependa fedha za kuta ziende kwayo, na sheria ya kila bwawa jipya ieleze tope la mto litapitaje kufika baharini.